Dawa Iliyogawanywa Nusu kwa Nusu

Wewe uliyetoka hospitali leo na vidonge mkobani, ukaambiwa uvimeze kila siku mpaka utakapoambiwa uache, nakuandikia wewe. Sitakufundisha udaktari, siujui. Nitakueleza jinsi nilivyonusurika kufa mikononi mwa mtu aliyekula yamini kwamba ananitendea haki. Ukikuta maneno yangu yana ukali, vumilia. Nimezeeka, titi langu moja lilitupwa kwenye shimo la hospitali nisilolijua, na hasira yangu bado nzima.

Tulikaa Naguru, Kampala, kwenye kota za polisi, miaka ile wanajeshi walipokuwa wameikalia nchi. Mume wangu alikuwa sajini, dereva. Sote wawili tulitoka kaskazini, tukafunga ndoa kanisani akiitwa Yohana. Baadaye wakubwa wa kazi yake wakawa watu wa msikitini, na vyeo vikawa vinaelekea huko. Akasilimu, akawa Yunus, na haukupita mwaka akaoa msichana wa Kinubi kutoka Bombo, jina lake Zaituni.

Sina ugomvi na dini ya mtu. Ukoo wa Zaituni ulikuwa wa Waislamu tangu na tangu, na adabu yao niliiona kwa macho yangu. Yunus yeye alichukua kipande kimoja tu cha dini ile akakikumbatia: usawa kati ya wake. Ikiingia sukari, anaipima kwa kikombe mbele yetu. Mche wa sabuni anaukata kwa uzi, katikati kabisa. Kitambaa anakikunja mara mbili na kukipasua, hata kama kila nusu haitoshi gauni la mtu yeyote. Na siku zile sukari, chumvi na sabuni vilikuwa vitu vya kupigania, kwa hiyo majirani walimsifu sana. "Sajini ni mtu ya haki," walikuwa wakisema, naye alivimba kichwa. Mimi nilikuwa na watoto watatu. Zaituni alikuwa chumba cha pili, ukuta mmoja na mimi, na miaka ilipita bila mtoto.

Uvimbe niliugundua nikioga, mvua za Machi zilipokuwa zinaanza. Ulikuwa mgumu, hauumi, nami nikaudharau mpaka ngozi ya titi ilipoanza kujikunja. Hospitali kulikuwa na mabenchi ya mbao ukumbini, na juu ya mabenchi yale nililijua jiji la Kampala kuliko nilivyolijua sokoni. Wanawake walikuja na mikeka na chupa za uji. Akiingia mwanajeshi na mkewe, sote tulisimama kuwapisha, hata aliyetoka kupasuliwa. Hakuna aliyetuamuru. Tulikuwa tumeshazoea, na kuzoea kule ndiko kunakonichoma ninapokukumbuka.

Walinikata titi la kushoto. Bandeji zilikuwa haba, nikaambiwa nikazifue mwenyewe nyumbani. Nilizianika kwenye kamba pamoja na sare za shule za watoto, na binti yangu mkubwa, Jasinta, akawa anazigeuza ili alama za damu zielekee ukutani, majirani wasizione. Nilitamani kumwambia aziache zionekane. Sikumwambia.

Kiangazi kilipofika, uvimbe mwingine ukatokea juu ya mfupa wa bega, na mgongo ukaanza kuniuma. Nilirudi kwa daktari wangu, Muganda mwenye mvi, ambaye wenzake wengi walikuwa wameshakimbilia Nairobi. Siku hiyo Yunus alinisindikiza. Daktari hakukipenda Kiswahili, kwa watu wengi wa mjini ilikuwa lugha ya bunduki, lakini alijikaza kwa ajili yetu.

"Nyabo," aliniambia, ndivyo Waganda wanavyomwita mama, "iko dawa mpya. Ndani ya mwiri yako iko kitu ya kike inatembea kwa damu. Ikifika kwa titi, inapata mrango, inaingia, inarisha ule uvimbe. Hii dawa inakaa kwa mrango, inazuia."

Nilimwambia nimeelewa.

"Rakini iko na tabia yake. Kwa titi inazima. Kwa sehemu ingine inaweza kuwasha. Wazungu wamejaribu kwa wanawake hawazai, kwa wengine mayai inaamka. Mwenye mimba asiguse kabisa. Wewe kunywa moja asubuhi, moja jioni. Usiruke."

Yunus aliinua kichwa. "Inaamsha mayai, dokta?"

"Kwa wengine."

Nilidhani anachelea nisije nikashika mimba katika hali ile. Nikamshika mkono kumtuliza.

Tulikwenda kuitafuta dawa Old Kampala, kwenye duka la dawa ambalo mwenyewe, Mhindi, alifukuzwa nchini pamoja na wenzake wote. Duka alikuwa amepewa kapteni mmoja, na kapteni alikuwa amemweka kijana wa kwao kuuza. Kijana yule alikuwa amemimina vidonge vyote vyeupe kwenye chupa moja kubwa, vya manjano chupa nyingine, vyekundu nyingine. Alituambia makopo yalikuwa yanajaza rafu bure.

"Yako ni rangi gani, mama?" akaniuliza.

"Nyeupe."

Akanisogezea chupa. "Basi chagua."

Nilicheka mpaka kovu likanivuta, kisha nikatoka nikaketi kwenye ngazi za duka nikalia. Hivyo ndivyo nchi ilivyokuwa. Waliokuwa wakijua kazi walifukuzwa au walikimbia, na sisi wagonjwa tukaachiwa chupa tuchague.

Aliyeniokoa alikuwa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, aliyeuza vitenge nyuma ya maduka yale yale. Kila mwezi alivuka mpaka kwenda Nairobi kuchukua bidhaa. Alinikuta pale kwenye ngazi, nikamweleza.

"Ile dawa haiko Kampala, mama," aliniambia. "Iko Nairobi. Uniandikie jina yake pa karatasi, miye nitaleta. Niko na dada mwenye alikufa na ile ugonjwa. Weye hautakufa, sikia?"

Akaileta kweli, mwezi baada ya mwezi, ameificha katikati ya vitenge. Nilimeza asubuhi na jioni, na kabla ya mvua za pili uvimbe wa bega ulikuwa umelainika na kunywea. Mgongo ukaniachia. Nikaweza tena kuinua mkono na kumsuka Jasinta nywele, jambo dogo, lakini siku ile nilimsuka polepole makusudi ili zisiishe.

Dawa nayo ilinitoza bei yake. Joto lilikuwa linanipanda ghafla kutoka kifuani hadi utosini, nikawa natoka kanisani katikati ya misa na kusimama nje, blauzi imenigandia mgongoni. Hedhi ikakoma. Wake wa polisi bombani walinong'onezana kwamba Rozalia amezeeka kabla ya siku zake. Kama nawe imekukuta, usijifiche. Toka nje ya kanisa, pata upepo, rudi.

Kwenye sidiria nilitia matambara niliyoyaviringisha ndani ya soksi. Siku moja nikienda kwa dada yangu Luzira, wanajeshi walitusimamisha barabarani na kutupanga mstari. Mmoja akanitazama kifua. Pande mbili zilikuwa hazilingani.

"Wewe naficha nini hapo? Iko magendo?"

"Hakuna kitu, afande."

Akanibonyeza kwa mtutu wa bunduki. Mori ukanipanda, woga wote ukanitoka. Nikaingiza mkono, nikaivuta ile soksi, nikaitupa miguuni pake. "Hiyo ndiyo magendo yangu. Unataka kuona na kovu? Nikufungulie?"

"Pita, mama. Pita," alisema akitazama pembeni.

Hakuna aliyecheka kwenye mstari ule. Bibi mmoja wa Kiganda aliinama, akaiokota soksi, akaipangusa vumbi kwa leso yake na kunirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Jina lake sikulijua.

Kisha daktari wangu akatoweka. Nilifika kliniki nikakuta kiti kitupu na koti lake jeupe linaning'inia mlangoni. Hatukuuliza amekwenda mwenyewe au amechukuliwa. Nilirudi nyumbani bila kupimwa, na Yunus akawa mpole kuliko kawaida yake.

"Wewe pumzika," alisema. "Mimi nitachukua dawa kwa Mama Furaha. Gari ya kazi napita huko. Na nitakwenda kuuliza dokta mpya."

Nilimshukuru. Nilimwambia Mungu ambariki. Jioni ya pili akaniletea vidonge, pungufu ya nilivyozoea.

"Dokta mpya amesema sasa ni moja tu kwa siku. Asubuhi. Mwili imezoea."

Nikafuata. Nilikuwa nimechoka, na unapochoka neno lolote linalosemwa kwa sauti ya upole unalipokea. Mvua zikaja, zikaisha. Uvimbe wa bega ukarudi, kwanza kama punje ya mahindi, halafu mkubwa zaidi, mpaka kola ya gauni ikawa inanikwaruza. Mgongo ukaanza upya. Nikimwonyesha Yunus alikuwa akisema, "Ni ugonjwa tu," kisha anachukua kofia yake na kutoka. Nilianza kumfundisha Jasinta jinsi ya kupika maharage ya kutosha wadogo zake, na jinsi ya kuwasiliana na dada yangu Luzira endapo mimi sitakuwepo. Mtoto yule alikuwa akiitikia bila kunitazama.

Siku moja nilijikokota hadi kliniki peke yangu. Nilikaa kwenye benchi mpaka ukumbi ukabaki na mfagiaji. Daktari mpya alikuwa mwanamke kijana, macho mekundu kwa uchovu. Alinipapasa bega, akakunja uso.

"Unameza ngapi kwa siku?"

"Kimoja."

"Nani amekuambia kimoja?"

"Ninyi hapa. Mume wangu alikuja kuuliza."

"Mama, mimi ndiye ninayeona wagonjwa wa matiti, peke yangu. Hakuna mwanamume aliyekuja kuniuliza. Kimoja ni nusu ya dozi. Anayekuletea dawa analeta pungufu?"

"Sijui."

"Basi kaulize nusu nyingine inakwenda wapi. Ukiendelea hivi hutamaliza mwaka."

Nilipitia kwa Mama Furaha. Aliapa kwa jina la dada yake marehemu. "Minakuambia, mama, napatia bwana yako vyote, vile vile vya zamani. Hata kimoja sikupunguza."

Nikapanda kilima cha Naguru nikipumzika kila baada ya nyumba chache. Sikuweza kuelewa. Nilifikiri labda anaviuza, kwani siku zile watu waliuza kila kitu. Nilipofika kota nikamkuta Zaituni ameinama kando ya bomba, anatapika, na wanawake wamemzunguka wanacheka kwa furaha na kumpiga piga mgongoni. Aliponiona alinijia mbio, akapiga magoti mbele yangu.

"Dada Rozalia, ahsante. Mungu akulipe. Nilitaka kukwambia mimi mwenyewe kwanza."

"Ahsante ya nini?"

"Ya dawa. Yunus aliniambia umekubali tugawane. Nimekunywa kila siku, na sasa nimeshika mimba. Angalia, dada. Miaka yote hii."

Masikio yangu yalijaa mlio. Niliusikia ule mlio na sikuwasikia tena wanawake. Nilimshika mkono nikamwinua, nikamwingiza chumbani kwake.

"Dawa iko wapi?"

Akaitoa chini ya mto, kwenye chupa ndogo.

"Bado unakunywa?"

"Kila siku, dada. Ili mtoto asitoke."

Nikamnyang'anya. Nikamwambia alichosema daktari, kwamba mwenye mimba asiguse dawa ile kabisa. Alishika tumbo kwa mikono yote miwili akapiga ukelele mmoja, kisha akaketi sakafuni. Sitajipamba kwamba nilimkataza kwa upendo. Nilitaka chupa yangu. Lakini nilimwona pia alivyo, msichana aliyedanganywa kama mimi, kwa ulimi ule ule, na sikuweza kumchukia ipasavyo. Jambo hilo nalo lilinikasirisha.

Yunus aliporudi kazini nilimngoja mlangoni. Alikaa kwenye stuli kuvua viatu. Nikaiweka chupa miguuni pake.

Hakushtuka, wala haya hakuona. "Mimi iko na bibi wawili," alisema. "Kitu ikiingia kwa nyumba hii, nagawa. Sukari nimegawa. Sabuni nimegawa. Dawa nikupe wewe peke yako, Mungu ataniuliza."

"Zaituni anaumwa nini?"

"Hana mtoto. Hiyo si ugonjwa?"

"Na huyo dokta mpya aliyesema kimoja, yuko wapi?"

Akaanza kuufungua uzi wa kiatu cha pili.

"Kwa nini hukuniambia, Yunus?"

"Ningekuambia, ungekataa."

Soma tena maneno hayo, wewe mwenye vidonge mkobani. Alijua kwamba ningekataa, kwa hiyo alijua ni vyangu. Usawa wote, Mungu wote, kikombe chote cha sukari, na chini yake ni mtu aliyejua. Nilichukua kiatu alichokwisha kuvua nikamtupia, kikampata begani. Nilimwambia yeye ni muuaji, tena muuaji mwoga, maana wale wa barabarani angalau wanakuonyesha bunduki. Nilipiga kelele kota nzima ikasikia. Hakuna aliyekuja. Miaka ile sauti ikipanda kwenye nyumba ya askari, watu walifunga madirisha.

Ndiyo maana nakuambia: dawa yako ichukue mwenyewe, na maneno ya daktari yasikie kwa masikio yako. Asikuletee mtu ujumbe. Kama huwezi kutembea, abebwe daktari au ubebwe wewe.

Habari ya mimba ilifika Bombo, na bibi yake Zaituni, tuliyemwita Haboba kama Wanubi wanavyomwita bibi, akaja na mkeka wake. Alimsikiliza Zaituni, akanisikiliza mimi, akanigusa bega palipovimba kwa vidole viwili. Kisha akamwita Yunus.

"Wewe nasoma hii dini wapi?" alimuuliza. "Usawa ni kwa chakula, nguo na zamu ya kulala. Dawa ni ya mwenye kuumwa. Bibi moja akivunjika mguu, nafunga mti kwa miguu ya wote wawili?"

"Nimekosa, Haboba."

"Usiniambie mimi."

Lakini hakuniambia. Aliamka, akatoka, na tangu siku ile akawa ananipitia mlangoni kama ninamdai maneno, na kweli nilikuwa namdai.

Mama Furaha alipopata habari alitema mate chini. "Bwana yako sitamupatia tena hata kimoja. Nitakupatia weye, mkono kwa mkono." Nikarudia asubuhi na jioni. Joto likarudi kwa nguvu zote, nami nililikaribisha. Daktari kijana alisema haahidi kitu, kwani uvimbe uliokwisha kurudi una ukaidi wake. Kiangazi chote nilikuwa naamka na kupeleka vidole begani kabla hata ya kufungua macho. Ulikaa vile vile kwa muda mrefu. Mvua za Machi zilipoingia, nilihisi pembe zake zimelainika. Ulipobaki kama dengu nilimwonyesha Jasinta, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu masomo yale ya maharage.

Zaituni alijifungua mtoto wa kike, mzima, vidole vyote na sauti kali. Miezi yote ile tulikuwa tumeogopa pamoja, bila kuzungumza, kwamba dawa ingemdhuru.

Siku ya kumpa mtoto jina, Yunus alivaa kanzu nyeupe, akawaita polisi wenzake na wake zao. Chakula kilipatikana, sijui kwa njia gani. Tulipokwisha kula alimchukua mtoto kutoka kwa Zaituni, akaja akaniwekea mapajani mwangu.

"Watu ya Naguru, mnanijua," alisema. "Mimi ni mtu ya haki. Huyu mtoto ni ya wote wawili. Nusu ya Zaituni, nusu ya Rozalia."

Wakapiga makofi. Mtoto aligeuza uso kifuani mwangu, upande wa kushoto, akatafuta kwa mdomo, akakosa, akaanza kulia. Zaituni alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuna aliyemuuliza.

Nikasimama na mtoto mkononi. "Yunus, niambie mbele ya hawa watu. Ile dawa ilikuwa ya nani?"

Makofi yakafa. Watu wakaanza kutazama sahani zao, kama tulivyojifunza sote kutazama chini.

"Rozalia, leo ni siku ya furaha."

"Ya nani?"

"Ilikuwa ya nyumba."

"Mjibu," alisema Haboba kutoka mkekani.

Yunus aliwatazama wenzake. Hakuna aliyempokea macho.

"Ya Rozalia," alisema.

"Nusu?"

"Yote."

Nikamwendea Zaituni nikamrudishia mtoto. "Huyu ni wako," nikamwambia, "mzima mzima. Asikugawie mtu." Akampokea huku akilia, na kwa mkono uliobaki akanimiminia maji kwenye kikombe, maana jioni ilikuwa imeingia. Nikatoa kidonge changu, nikakimeza pale pale wakiniona.